Shoka linakwama, mpini unavunjika, na gogo la mkaratusi halikatiki

Mpendwa mshauri,

Salamu kutoka Elburgon. Mimi ni mwalimu, nina miaka 27 na kilo 74. Tangu Januari, mimi na wenzangu watatu tunafanya mazoezi ya mchezo wa kukata magogo kwa shoka, ule wa Australia, New Zealand na Marekani. Mtu anasimama juu ya gogo lililolazwa, analikata kati ya miguu yake hadi nusu, anageuka, kisha anamalizia upande wa pili. Hatutafuti ubingwa wa dunia. Tunataka kuujua mchezo vizuri na kushindana sisi kwa sisi.

Magogo tunayatoa shambani kwa baba, ni mikaratusi ya upana wa sm 25 iliyokatwa Desemba na kulazwa juani. Shoka letu ni la dukani, la kupasulia kuni, kichwa kilo 2, mpini sm 90. Tunalinoa kwa grainda. Muda wangu bora ni dakika 3 na sekunde 40, mapigo 94. Shoka linakwama karibu kila pigo la tatu, makali yanakunjika, magogo yanapasuka kutoka miishoni, na sasa tumevunja mipini mitatu, yote chini kidogo ya kichwa. Jioni kiuno kinauma. Niliambiwa sina nguvu, nikaanza kuinua vyuma, lakini baada ya miezi miwili muda ni ule ule.

Mwenzetu mmoja anataka tuchange tununue pawasoo kuukuu (msumeno wa mnyororo wa injini), tuingie upande wa mashine. Baba naye anasema tunaharibu kuni. Miguuni tunavaa gambuti. Tunakosea wapi?

Mwalimu wa Shoka, Elburgon

*

Mwalimu,

Kabla ya muda wako, miguu yako. Shukeni juu ya gogo leo, nyote wanne, na msipande tena hadi mambo mawili yatimie. Gambuti ya mpira haizuii shoka lenye makali. Wanaoshindana huvaa soksi zilizofumwa kwa pete za chuma au ngao za alumini zinazofunika kuanzia goti hadi vidoleni. Fundi wa mabati anaweza kuwakatia bamba la alumini la mm 3, alipinde lifuate muundi, aongeze kipande cha pili cha kufunika mgongo wa mguu, na afunge kwa mikanda nje ya buti ngumu yenye chuma kidoleni. Hilo ni la kwanza.

La pili ni shabaha. Lazeni gogo juu ya vigingi, usawa wa goti, na lifungwe lisibiringike. Simama chini, gogo likiwa kati yako na mahali shoka linapotua, upige ubavu wa juu wa mbali. Chora mstari wa chaki, piga mapigo 20 kwa mwendo wa kawaida, kisha pima. Yanapotua 18 ndani ya sm 1 ya mstari, siku tatu tofauti, ndipo upande. Wengine wataona ni kuchelewa, lakini mchezo wote umekaa hapo: anayepiga mahali pamoja mara mbili anatoa kibanzi, na anayekosa kwa sm 2 anaacha ubao ambao atalazimika kuupiga upya.

Ndiyo maana nasema tatizo lako si nguvu. Umetumia mapigo 94 katika sekunde 220, yaani pigo moja kila sekunde mbili na kitu. Ukibaki na mwendo huo huo bila kuongeza kasi hata kidogo, lakini ukalikata gogo lile kwa mapigo 50, utamaliza chini ya dakika 2. Vyuma havikupi hilo. Kuanzia sasa andikeni idadi ya mapigo daftarini kabla ya muda, na kwa miezi miwili ijayo msipige mbio kabisa.

Sasa gogo lenyewe. Mkaratusi uliokaa juani miezi kadhaa si mti ule uliokatwa. Ukikauka unakuwa mgumu zaidi, nyuzi zinashika makali, na kibanzi hakiruki, kinamegeka vipande vidogo. Kupasuka miishoni nako kuna sababu yake: mkaratusi unapokua hujenga mvutano ndani ya shina, nje ikivuta na katikati ikisukuma, na ukishakatwa mvutano huo unafunguka pale mwishoni. Jua linaongeza kwa sababu miisho hukauka kabla ya katikati. Kata mti wiki ile ile mtakayoutumia. Acha shina likiwa refu, na toa kipande cha sm 90 siku ya zoezi. Kikibaki, paka miisho yote miwili rangi ya mafuta iliyobaki nyumbani, kiweke kivulini na ukifunike kwa magunia yaliyoloweshwa. Ukiona ufa umefika ndani zaidi ya sm 10, gogo hilo lipeleke jikoni, kwa maana linaweza kupasuka na kufunguka chini ya mguu wako.

Mkaratusi si mti mbaya kwa mchezo huu. Huko Tasmania, jimbo la kisiwa la Australia, ambako mashindano yalianza kupangwa rasmi mji wa Latrobe mwaka 1891, jamii hii ya miti ndiyo ya kwao na wanaikata mpaka leo. Ila wao wanaukata ukiwa mbichi, kwa mashoka yaliyonolewa kwa mti mgumu. Ninyi mnaanza, kwa hiyo anzeni na msonobari, hasa ule wa patula unaopandwa sana upande wenu wa Molo na Elburgon, au saipresi iliyopogolewa mapema. Saipresi ambayo haikupogolewa ina mafundo mengi, na fundo kavu linamega makali kwa pigo moja. Zungusha mkono juu ya gogo ukishatoa gamba; ukihisi uvimbe, weka mkato wako mbali nao. Utomvu wa msonobari utang'ang'ania shokani, basi kaa na kitambaa chenye mafuta ya taa na ufute kila unapopumzika.

Tena sm 25 ni gogo kubwa kwa mwanafunzi. Watu hudhani gogo la sm 25 limezidi la sm 18 kidogo tu. Mbao unayopaswa kuing'oa hukua kwa upana, kwa kimo na kwa kina kwa pamoja, kwa hiyo gogo la sm 18 lina kidogo zaidi ya theluthi moja tu ya kazi ya lile la sm 25. Kaeni kwenye sm 18 hadi 20 kwa miezi miwili, kisha sm 22, kisha sm 25. Kwenye mashindano makubwa ya kimataifa gogo la kulala ni sm 32, na mabingwa hulimaliza chini ya sekunde 20. Kipimo hicho kiacheni kwanza.

Nikija kwenye shoka, hapa ndipo nataka uniwie radhi nikikaa kidogo. Shoka la kupasulia kuni limetengenezwa litawanye mti kwa kufuata nyuzi. Mashavu yake ni manene kwa makusudi. Ninyi mnakata nyuzi kwa kukingama, na shavu nene linazuia shoka lisizame, kisha linabanwa. Hata mkilinoa mpaka linyoe ndevu, litabaki kabari. Tafuteni kichwa kingine. Wahunzi wa jua kali, Nakuru kwenu au Kibuye kule Kisumu, hufua mashoka kwa springi za gari, na chuma hicho kikipozwa vizuri hushika makali. Mwagizie kichwa cha kilo 1.8 hadi 2, mdomo wa sm 12 au 13, mashavu membamba. Mashoka ya mashindano yana karibu kilo 3, lakini uzito huo kwa mkono usiozoea unaharibu shabaha.

Pembe ya makali mtaipima hivi. Chukua kalipa, kifaa cha kupimia unene, upime unene wa shoka mm 10 kutoka ukingoni. Ukipata mm 3.5, pembe ni nyuzi 20, na hiyo inafaa msonobari mbichi. Mm 4.4 ni nyuzi 25, ya kuanzia kwa mkaratusi mbichi. Ukipata mm 5.4 upo kwenye nyuzi 30, na ndipo mashoka mengi yanayotoka dukani yalipo. Kama hamna kalipa, kata V kwenye kipande cha bati, mdomo mm 3.5, kina mm 10, na ukijaribishe kwenye makali mahali patatu: ncha ya mbele, katikati na ncha ya nyuma. Wengi hunoa katikati pekee, na baada ya miezi michache mdomo wa shoka unakuwa bapa.

Grainda iwekeni mbali. Kunjo mnayoiona imetokana nayo, karibu niseme bila shaka. Ukingo wa shoka ni mwembamba, joto halina pa kwenda, na ukiona rangi ya bluu hata kwa sekunde moja, ugumu wa chuma umeshaondoka mahali hapo. Kwa shoka mlilo nalo, futeni kwa tupa mpaka mpite sehemu iliyoungua, huenda ni mm 3 hadi 5. Tumieni tupa bapa ya inchi 10 yenye mpini wake. Shika shoka kwenye jiriwa, vaa glavu za ngozi, sukuma tupa kwa mwendo mmoja wa mbele na uinue unaporudi, kwa maana kuiburuta kurudi nyuma kunaua meno yake. Idadi ya misukumo iwe sawa pande zote mbili. Mkihisi kijinyuzi cha chuma kimetokea upande wa pili wa ukingo, mmefika. Baada ya tupa fuata jiwe la kunolea, upande wa mchanga kisha laini, halafu msasa wa namba 400, 800 na 1000 uliobandikwa kwenye ubao ulionyooka, na mwisho mkanda wa ngozi, ukivuta kuelekea mgongo wa shoka. Makali yaliyo tayari hukata ukurasa wa gazeti ulioshikwa hewani bila kuuchana.

Baadaye makali yenyewe ndiyo yatakayokusomea kosa. Yakikunjika, chuma ni laini au kimeungua. Yakimeguka vipande vidogo, pembe ni nyembamba mno kwa mti huo, au mmegonga fundo, au gogo lilikuwa na mchanga. Kwa hiyo toeni gamba kabla ya kuanza, kwani gamba la gogo lililoburutwa shambani limejaa changarawe. Wekeni ubao mpana chini ya mkato pia, ili pigo linalopita lisifike ardhini.

Sasa mapigo. Chora alama mbili mbele ya gogo, umbali kati yake uwe sawa na upana wa gogo. Gogo la sm 20, alama sm 20. Ukiweka mkato mwembamba kuliko huo ili upunguze kazi, kuta za V zitakuwa wima na shoka litabanwa kabla hujafika katikati. Ukiweka hivyo, kila pigo linaingia kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, na mti unakubali pembe hiyo kuliko kupigwa kwa kusimama wima au kwa kulala sana.

Shoka lenye mdomo wa sm 12 halifuniki gogo la sm 20 kwa pigo moja. Piga sehemu ya chini kwanza, kisha ya juu, kisha katikati, yote kwenye mstari mmoja wa upande wa kulia. Halafu fanya vivyo hivyo upande wa kushoto. Mistari miwili ikikutana ndani, kibanzi kizima kinaruka. Utaratibu huu ndio dawa ya kukwama, na sababu ni hii: pigo la chini linaacha ncha moja ya shoka nje ya mti, la juu linaacha ncha ya pili nje, na la katikati linazamisha ncha zote mbili lakini ndani ya nyufa zilizokwisha funguliwa. Wewe, nadhani, unaanza na katikati, ncha zote zinazama kwenye mti mzima, na mti unafunga mdomo.

Likikwama hata hivyo, usilitikise kushoto na kulia. Sukuma mwisho wa mpini chini kisha juu, ukifuata mstari ule ule wa makali, litalegea. Kulipinda kando ndiko kunakovunja mpini chini ya kichwa, na baadhi ya mipini yenu imekufa hivyo. Mingine imekufa kwa kupitiliza, pale kichwa kinapovuka gogo na mpini ukagonga ukingo. Fungeni raba ya tyubu ya baiskeli, tabaka tatu, sm 15 za kwanza chini ya kichwa. Kisha fupisheni mpini: sm 78 hadi 80 unatosha mtu wa kimo cha kawaida, ila ule wa sm 90 ndio unaowapitiliza. Chagueni mti ambao nyuzi zake zimenyooka kutoka mwisho hadi mwisho. Zikitokea ubavuni, hapo ndipo utakapokatikia. Na msiloweshe shoka majini usiku ili kichwa kikaze, desturi iliyozoeleka sana kwetu. Mti unavimba, nyuzi zinabanwa na chuma, ukikauka unasinyaa zaidi ya mwanzo. Toeni kichwa, wekeni kabari mpya kavu.

Mkisharuhusiwa na shabaha kupanda gogoni, chongeni mahali pa kukanyaga, bapa, kina sm 2, viatu vikiwa nje ya alama kwa sm 8 kila upande. Gogo likae kwenye mbao mbili nene zenye V, lifungwe kwa mnyororo au mkanda wa lori miisho yote. Usigeuke mapema. Endelea upande wa kwanza mpaka upite katikati kidogo, sm 1 au 2, kisha geuka. Anayegeuka mapema anaachiwa kazi kubwa upande ambao mikono tayari imechoka. Na mkato wa pili uelekezane na wa kwanza: chora alama zake kabla ya kuanza, la sivyo V mbili zitapishana na katikati itabaki ngazi ya mbao inayokula mapigo kumi bure.

Kiuno chako kinauma kwa sababu unakunja mgongo na kuinua kwa mikono. Sukuma makalio nyuma, magoti yalegee, mgongo ubaki umenyooka. Mkono wa juu uteleze kwenye mpini: karibu na kichwa unapoinua, ukutane na mwenzake chini shoka linapotua. Siku tatu kwa wiki zinatosha, gogo moja au mawili kwa siku, na mapigo mawili mfululizo yakikosa alama, zoezi la siku hiyo limekwisha. Lakini maumivu yakishuka mguuni, au mguu ukafa ganzi, acha shoka na uende hospitali.

Pawasoo kuukuu, hapana. Ncha ya juu ya upanga wake ikigusa mti, mashine nzima hurushwa usoni kwa mtu kabla hajafumba jicho, na kuukuu mara nyingi breki ya mnyororo imeondolewa. Bila helmeti, kinga ya masikio na suruali ya kuzuia mnyororo, msiguse. Kama mnataka msumeno, tafuteni ule mrefu wa watu wawili wa wapasua mbao wa zamani. Kila mtu avute tu, asisukume, na mkiona unga badala ya nyuzi ndefu za mbao, meno yanahitaji tupa.

Baba yako ana hoja, na inajibika. Mkate magogo mahali ambapo kuni zingekatwa hata hivyo: shina la sm 180 likikatwa katikati linatoa vipande viwili vya sm 90, na shule za bweni na viwanda vya chai hununua kuni za mkaratusi. Vibanzi vikauke viwashie jiko. Visiki vya mkaratusi huchipua vyenyewe; acha machipukizi mawili au matatu kwa kila kisiki, mengine yapunguzwe yakifika unene wa mkono, hayo ni mazoezi ya shabaha ya bure. Msiingie msitu wa serikali kutafuta magogo, na mkitaka kusafirisha miti kutoka shamba la mtu mwingine, kachukueni kwanza kibali cha KFS, shirika la misitu la Kenya.

Kuhusu kushindana ninyi wanne mkiwa hamlingani, igeni mtindo wa Australia. Anayehesabu huanza moja, mbili, tatu kwa sauti, kila sekunde namba moja, na kila mtu huanza kwa namba yake. Aliye wa polepole zaidi huanza kwenye 3. Mwenye kumzidi kwa sekunde 50 husimama na shoka lake mpaka aisikie 53. Mkipangwa sawasawa, magogo yote manne yanakatika karibu pamoja. Mwombeni mzee awe ndiye mwenye kuhesabu, akae mita 10 kutoka kwa magogo, kwa sababu kibanzi cha mkaratusi kinafika mbali.